Mpishi Hakula

Zeinab alikuwa akigombania kopo la mwisho la tui na mwanamume asiyemjua. Ilikuwa Ijumaa, katika duka moja la Manfuha, Riyadh, na watu walisukumana kama wanagawiwa bure. Yeye alivaa abaya nyeusi iliyopauka mikononi na ushungi wa samawati. Mwanamume alikuwa ndani ya kanzu iliyonyooshwa vizuri, akinukia udi kupita kiasi.

"Niachie, dada. Mama ananisubiri Jeddah."

"Aki wewe! Jeddah yote hakuna tui?"

"Lipo. Lakini nishakuona wewe, sasa nalitaka hili hili."

Zeinab alicheka kabla hajajizuia. Mwanamume huyo jina lake Muhsin, Mzanzibari aliyezaliwa Jeddah, muuza viungo kwa jumla. Zeinab alikuwa mtu wa Mumias, Kenya, mwaka wa sita huu akifanya kazi za ndani mtaa wa Al-Malqa. Hakumficha. Tui lilikuwa la madam wake, aliyesoma ng'ambo akiishi na msichana wa Jamaica, akarudi Riyadh hajiwezi kwa wali wa kwao msichana huyo, unaopikwa na maharage ndani ya chungu kimoja.

"Chungu kimoja?" Muhsin alishtuka. "Kwetu kila kitu na chungu chake."

"Siku ukionja utanyamaza."

Muhsin alimwachia kopo, akaondoka na namba yake ya simu.

Ikafuata miezi minane ya simu. Muhsin alipiga kila mchana, na kila akija Riyadh na mzigo walikutana Ijumaa.

"Umekula, habibti?"

"Nakula sahi, hapa jikoni."

"Kila siku jikoni! Hakuna kiti huko?"

"Wacha maswali mengi, Muhsin. Niambie unanipenda, nirudi kazini."

"Nakupenda mpaka wateja wananicheka."

Kisha madam akaenda kumtembelea dada yake Al-Rawdah, Jeddah, akamchukua Zeinab. Muhsin alifurahi kama mtoto.

"Ijumaa utakuja nyumbani, umpikie mama wali wako. Ila... nimemwambia wewe ni mwalimu wa chekechea."

"Kwa nini?"

"Kwa sasa tu, mpenzi. Nitamweleza taratibu."

Zeinab aliona aibu, na aibu hiyo hiyo ikamfanya akubali. Hapo walikosea wote wawili, nami simtetei yeyote.

Siku hiyo alivaa abaya mpya yenye urembo wa fedha, akaingia jikoni kwa Bi Nunu, mama yake Muhsin, na maharage mekundu aliyokuwa ameyaloweka tangu jana. Aliyachemsha na kitunguu saumu mpaka yakalainika na maji yakageuka rangi ya damu ya mzee. Akamimina tui, akatia vijiti vya thaimu, punje chache nyeusi za kiungo cha Jamaica chenye harufu ya karafuu na mdalasini, na pilipili mbuzi moja nzima juu. Akaosha mchele, akautia, akapunguza moto. Bi Nunu alipita mara tatu kuvuta harufu.

"Mashallah, mwalimu! Yaguju, harufu hiyo!"

Sinia lilipowekwa, Bi Nunu na shangazi yake Muhsin wakaketi, Muhsin akaketi nao.

"Njoo tule, mwanangu."

"Nyinyi kuleni tu, mama. Mimi nitakula baadaye." Zeinab alikuwa amesharudi mlangoni pa jikoni, mikono imekunjwa mbele. Miguu ilimpeleka yenyewe.

"Baadaye lini? Chakula kinapoa."

"Niko sawa, mama."

Shangazi aliokota kijiti cha thaimu kwenye wali, akakigeuza, akaona na ile punje nyeusi. Akaliweka tonge chini.

"Bi Nunu, usile. Mpishi anakataa chakula chake mwenyewe, na ndani mna vijiti na mbegu. Mwanao ameletewa limbwata, nasi tunalambishwa pamoja naye."

Bi Nunu akarudisha mkono. Wote wawili wakamtazama Muhsin, aliyejua kwamba Zeinab hakuwa amekaa kula na watu kwa miaka sita. Neno moja lingetosha. Muhsin aliinamia simu yake.

 Zeinab akachukua mkoba wake, akatoka uso ukimuwaka.

Alipokea simu ya Muhsin siku ya tisa, akiwa amerudi Riyadh.

"Zeinab, nisamehe. Nilibabaika."

"Hukubabaika. Uliona heri mamako anione mchawi kuliko ajue mimi ni shaghala, mfanyakazi wa ndani."

Muhsin alilia kwenye simu. "Ni kweli. Naona haya hata kujitazama kwenye kioo."

"Hata mimi naona haya, kwa kukubali kuwa mwalimu. Halas. Usinipigie tena."

Ijumaa iliyofuata madam alipata wageni. Alimwita Zeinab alete kahawa sebuleni, na Zeinab akaingia na aproni yake, macho kwenye vikombe. Alipoinua uso aliwaona Muhsin na Bi Nunu wameketi mbele ya madam, naye akatamani ardhi immeze.

Bi Nunu akasimama. "Juzi mwanangu alilia mbele yangu akanieleza kila kitu. Nimemtukana nikachoka. Nami nina haya zangu, nilirudisha mkono kwenye chakula chako. Nisamehe, mwanangu."

Muhsin alimgeukia madam, akasema kwa Kiarabu, sauti ikisikika mpaka jikoni: "Tumekuja kumposa huyu aliyeleta kahawa."

Madam alimtazama Zeinab, akamuuliza kwa macho: unasemaje?

Zeinab aliweka trei mezani. Mikono yake haikujua pa kwenda.

"Nitajibu nikishakaa," alisema.

Akaketi kwenye kochi, aproni na yote. Madam akasogea kumpisha, naye Zeinab akajibu ndiyo.