Mwenzake Mama Mdogo

Haya hayakumpata mtu wa mbali. Yalimpata mama yangu mdogo, fundi cherehani, na mimi nilikuwa safu ya pili nikitazama.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Asubuhi alimalizia sare za shule, mchana akafunga kibanda mapema, akalinyoosha gauni lake la kijani huku akijaribu sauti. Kwa miaka mitatu klabu yetu ya nyimbo za asili ilikuwa ikimpa nyimbo mbili za kuchangamsha watu, kisha anashuka ili wakubwa wapande. Jioni hiyo ilikuwa yake peke yake. Jina lake lilibandikwa mlangoni, ingawa walilikosea herufi. Hilo lilimuudhi, akalimeza.

Ukumbi ni ule wa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi: viti vya plastiki, jukwaa la mbao, taa mbili. Saa kumi na mbili na nusu akakaa na gitaa lake, akaanza.

Wimbo wa kwanza, ubeti wa pili, kuna mtu akamdakia. Sauti ya kike, laini, ikitokea nyuma yake. Haikumfuata. Ilimtangulia kwa neno moja. Kila alipofungua mdomo, neno lilikuwa limeshasemwa. Akaongeza mwendo, nayo ikaongeza. Akapunguza, ikamngoja, kisha ikatangulia tena. Watu wakapiga makofi ambayo hajawahi kupigiwa maishani. Nilimwona akiuma meno.

Wakati wa mapumziko akamvaa katibu wa klabu, mwalimu mstaafu, mtu mpole.

"Miaka mitatu nangoja, halafu mnaniwekea mtu wa kuniharibia?"

"Nani, mama?"

"Huyo anayeimba nyuma yangu."

Katibu akamsogelea. "Sisi tulijua umekuja naye," akasema kwa sauti ya chini. "Mlivyofanana."

Mama mdogo akanigeukia. Sikuweza kumficha. Nilikuwa nimemwona pia: mwanamke kwenye kigoda, nyuma ya bega lake, kichwa ameinamisha. Nilidhani ni wa klabu.

Tulipanda jukwaani tukaangalia. Hapakuwa na kigoda. Kati ya kiti chake na ukuta palikuwa na nafasi ya shubiri mbili.

"Mama mdogo, twende nyumbani," nikamnong'oneza.

"Siendi. Hii ni jioni yangu."

Hasira ziliushinda woga. Akakisukuma kiti nyuma mpaka kikagusa ukuta, akakaa. Wimbo uliobaki alikuwa amemtungia marehemu mama yake, bibi yangu. Hakuna aliyewahi kuusikia, hata mimi.

"Huu huujui," akasema. Hakuwa akisema na sisi.

Mstari wa kwanza, sauti ikatangulia. Sasa ilikuwa karibu zaidi.

Akanyamaza. Akatoa mikono kwenye nyuzi, akaiweka mapajani.

Wimbo ukaendelea. Gitaa nalo likaendelea.

Ubeti wa tatu uliimbwa wote, taratibu, na mama mdogo akawa analia bila kutoa sauti. Baadaye aliniambia ubeti ule aliuandika, akauona haufai, akauchana na kuutia jikoni ukaungua.

Ukumbi mzima ukasimama kushangilia. Lakini macho yao yalikuwa juu kidogo ya bega lake, pale ukutani.

Tulirudi kwa miguu. "Hata makofi," akasema. "Hata makofi hayakuwa yangu."

Gitaa akalifungia kwenye mfuko wake, akaliweka juu ya kabati, akafunga chumba, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Siku tatu baadaye katibu akaja kibandani. Wanachama wanaomba urudi, akasema, na kama inawezekana, na mwenzio. Mama mdogo aliendelea kukanyaga cherehani bila kuinua kichwa mpaka mzee wa watu akaondoka.

Jumapili aliamua kuligawa lile gitaa. Nilimshushia mimi mwenyewe, akafungua zipu.

Nyuzi zote sita zilikuwepo, ila zimefungwa kinyume, nene chini, nyembamba juu, kama anavyozifunga mtu wa mkono wa kushoto. Kwetu hakuna wa mkono wa kushoto, wala sijasikia kwamba aliwahi kuwepo.

Mama mdogo hakuuliza nani kaligusa. Alipitisha kidole kwenye nyuzi, moja moja, akisikiliza.

Zilikuwa zimekazwa sawasawa, tayari kupigwa.