Pua ya Bati na Mpamba wa Mbuke

Kinusamimea, chombo cha serikali cha kunusa mimea iliyokatazwa, kiliingia uani kwa Mbuke bila hodi. Kilikuwa na ukubwa wa mbuzi, miguu sita, na pua ya bati iliyoweza kunusa jani moja la pamba ya zamani kutoka umbali wa kilomita nzima. Tangu mji uanze kulima pamba ya maabara, mipamba ya kale ilihesabiwa kuwa ugonjwa. Ikinuswa, inachomwa.

"Bibi, tunajua unao," alisema ofisa Lugola, aliyeingia nyuma yake pamoja na kijana mmoja. "Usituchoshe."

"Tafuteni. Pua yenu ndefu kuliko yangu," Mbuke alijibu bila kuinuka kigodani.

Mpamba wake wa mwisho ulikuwa nyuma ya bafu, umefunikwa magunia na samadi mbichi. Kwa miaka hamsini alichemsha mizizi yake kwa wanawake waliojifungua kondo la nyuma likachelewa kutoka, na kutwanga majani yake kwa vidonda.

Samadi ilikichanganya chombo. Kikageuka, kikavuka ua, kikasimama mlangoni kwa jirani, Nyamizi, aliyejifungua asubuhi hiyo. Alikuwa amekunywa kikombe kizima cha maji ya mizizi hiyo. Taa nyekundu ikawaka, na mdomo wa moto ukafunguka.

"Kizime," Mbuke alisema.

Yule kijana, Sayi, mhandisi aliyekiunda, alibonyeza vitufe vya chombo tena na tena. "Hakizimiki kabla ya kuchoma. Wakulima walikuwa wanakizima, tukaondoa swichi. Sikukifundisha kutofautisha mti na mtu."

"Huyo mzazi angekwenda hospitali," alisema Lugola, akitazama pembeni.

Ndani, mtoto alilia. Mbuke alikimbia nyuma ya bafu, akavuta magunia, akavunja tawi na kulipunga juu.

"Njoo huku, mjinga wewe. Mwenyewe ninayetafutwa nipo hapa."

Harufu mbichi ilishinda. Chombo kilimgeukia na kutema moto. Sayi alimvuta bibi kando kwa mkono wake mwenyewe, na moto ukaupitia mkono huo kabla ya kuumeza mpamba wote. Mbuke aliliona hilo: kijana hakukitazama chombo chake hata kidogo.

Lugola aliandika, "Imekamilika," akaondoka na kinusamimea chake.

"Pole, baba. Kaa hapa," Mbuke alimwambia Sayi, akiupuliza mkono uliobabuka. "Nikuwekee jani, maumivu yatatulia."

Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kama alivyozoea kuchuma. Vidole vyake vikazama kwenye majivu ya moto.