Chai ya Baridi ya Kokuberwa

Asubuhi huko kijijini Kaagya ukungu hulala juu ya migomba mpaka jua lipande. Kokuberwa aliipenda saa hiyo. Aliketi mlangoni na kikombe cha chai, akitazama mvuke wake ukipanda na kuchanganyika na ukungu, asijue upi ni upi. Mumewe, Buberwa, huwa ameshafika kwenye shamba la kahawa. Penina, binti yao wa miaka minne, huwa bado amelala. Walikuwa wamezaa watoto watatu, na Penina ndiye pekee aliyebaki hai.

Ilikuwa miaka ile ya Waingereza, vita vikubwa vimekwisha. Kiangazi kilikuwa kikali. Siku moja Kokuberwa alikwenda mjini Bukoba kununua chumvi, akapita mtaa wa Bakoba kumwona rafiki yake Zabibu. Zabibu alikuwa mpishi katika hoteli ndogo yenye friji ya mafuta ya taa. Alimkaribisha uani, akamletea bilauri ya chai ya rangi, nyekundu kama asali. Ndani yake vilielea vipande vya barafu na kipande cha ndimu.

Kokuberwa hakuwahi kunywa chai ya baridi. Aliishika bilauri kwa mikono miwili, vidole vikafa ganzi. Alipokunywa, alihisi kama upepo wa ziwani umeingia kifuani mwake. Barafu iligonga kioo kwa sauti ndogo, kama kengele iliyo mbali sana. Njia nzima ya kurudi Kaagya aliisikia sauti ile. Alitembea kama mtu aliye usingizini.

Nyumbani hakukuwa na friji. Lakini bondeni kulikuwa na chemchemi, na maji yake yalikuwa ya baridi na maangavu. Kesho yake Kokuberwa alichemsha chai kali, nusu sufuria, akatia sukari. Kisha akamimina maji ya chemchemi mpaka sufuria ikajaa. Chai ikapoa papo hapo. Buberwa alikunywa vikombe viwili, akasema tangu azaliwe hajaonja kitu kama hicho. Penina naye alikunywa mpaka akashiba.

Siku ya tatu asubuhi Penina aliamka anaharisha. Ilipofika saa sita macho yake yalikuwa yamezama na midomo imekauka. Alilia, lakini machozi hayakutoka. Kokuberwa alimfunga mgongoni, akaenda mbio zahanati. Njiani mtoto alikuwa mwepesi mno, na mama aliogopa kugeuza shingo amtazame.

Mhudumu wa zahanati, Nathanael, alichukua maji yaliyochemshwa, akatia sukari na chumvi kidogo. Akamnywesha Penina kijiko baada ya kijiko, bila kuchoka. Huku akinywesha, alimwuliza Kokuberwa mtoto amekula nini na amekunywa nini. Naye akamweleza habari ya chai.

"Uliipozaje?" Nathanael aliuliza.

"Kwa maji ya chemchemi, waitu," alijibu kwa neno la heshima la Kihaya. "Ni maangavu kabisa."

"Uliyachemsha?"

"Hapana. Chai nilikuwa nimeshaichemsha."

Nathanael aliweka kijiko chini. "Uliua vijidudu kwa moto, kisha ukavirudisha kwa maji mabichi. Havionekani kwa macho. Maji yanaweza kung'aa na bado yakaua mtoto."

Kokuberwa aliwakumbuka ng'ombe wanaokunywa pale chemchemini, na choo cha zamani kilicho juu ya bonde.

Jioni Penina alikojoa, dalili kwamba maji yamerudi mwilini, na Nathanael akatabasamu kwa mara ya kwanza. Baada ya siku mbili walirudi nyumbani. Buberwa hakugomba. Alisema tu kwamba chai ya baridi isiingie tena katika nyumba yake, na mkewe akakubali.

Zikapita wiki mbili. Kokuberwa alipokwenda tena mjini, alimsimulia Zabibu yote. Zabibu alisikiliza, akainama. Alisema ni kosa lake pia, kwa kuwa alimwonjesha rafiki yake bila kumfundisha. Kisha akamshika mkono, akampeleka jikoni.

Alimwonyesha kwamba hata maji ya kutengenezea barafu huyachemsha kwanza. Barafu haiui vijidudu, na maji machafu yakiganda hubaki machafu. Kwa mtu asiye na friji, alisema, chai ichemke, ichujwe, imiminwe katika jagi safi lenye kifuniko. Jagi liwekwe ndani ya karai la maji, kivulini, na kuzungushiwa kitambaa kilicholowa.

"Shika neno moja," Zabibu alisema. "Maji ya kupozea yakae nje ya jagi. Yasikutane na chai hata tone."

Siku hiyo walionja chai za kila namna. Ya ndimu, ambayo hukamuliwa chai ikishapoa. Ya tangawizi iliyopondwa na kuchemshwa pamoja na majani. Ya mchaichai, yenye harufu ya shamba baada ya mvua. Ya nanasi, ambalo huoshwa kabla ya kumenywa, na maji yake huchanganywa mwishoni. Ya maziwa nayo, lakini maziwa lazima yachemke pamoja na chai, na chai yote inywewe siku hiyo hiyo, kwa maana joto huyaharibu upesi.

Mwezi uliofuata majirani walikuja kumsaidia Buberwa kuchuma kahawa. Kokuberwa alitengeneza chai ya mchaichai, akaifunika, akaipoza ndani ya karai nyuma ya nyumba. Buberwa alilitazama jagi kwa muda mrefu. Mkewe alimweleza hatua zote, moja moja. Buberwa akajimiminia kikombe, akanywa peke yake ili aijaribu kwanza, na wengine wakapewa chai ya moto. Siku tatu alijisikiliza. Hakuumwa.

Ndipo wanawake wa jirani walipoanza kuja kujifunza, na wanaume wakajenga uzio kuzuia ng'ombe wasifike chemchemini. Hata hivyo kila nyumba iliendelea kuchemsha maji.

Alasiri moja, Buberwa mwenyewe alimimina chai ya mchaichai katika kikombe kidogo. Alipiga magoti, akamshikia Penina anywe. Mtoto alikunywa yote, akamlalia baba yake begani na kusinzia. Buberwa hakuinuka. Alikaa hivyo hivyo mpaka jua likatua nyuma ya migomba, akisikiliza pumzi ya binti yake.