Kava ya Pikipiki ya Mulwa

Hii ilimpata rafiki yangu Nyamai, fundi wa simu pale soko la Tulia. Pikipiki aliuziwa na Mulwa, yule aliyemsimamia harusi, na Mulwa akaapa, "Hiyo haijawahi kufunguliwa hata skrubu moja." Siku ya kuiombea kanisani, Mulwa hakuja.

Juzi mbuzi aliiangusha, kava ya ubavuni ikakwaruzika kidogo. Nyamai akaamua kuitoa ikapakwe rangi. Ilikuwa saa nane mchana, lakini mvua ilikuwa imetia kibanda chake giza na mabati yalinguruma. Alipofungua skrubu ya mwisho, mvua ikakatika ghafla. Ndani ya kava kitu kilikuwa kinakwaruza. Kwaru. Kwaru.

Akampigia Mulwa.

"Umetoa kava?" Mulwa aliuliza kabla hajaambiwa lolote. "Nisamehe, Kasyoka. Mimi nina watoto." Akakata simu.

Kasyoka ni jina alilopewa Nyamai na marehemu nyanya yake. Mulwa peke yake ndiye aliyelijua.

Nyamai akaigeuza kava, akaimulika. Ndani, jina la Mulwa lilikuwa limechorwa kama kwa ukucha, kisha likapigwa mstari. Chini yake paliandikwa Kasyok, na herufi ya mwisho ilikuwa bado inachorwa.