Kipindi Alichokizima Bibi

Nisingekuwepo, ningesema dada yangu amechanganywa na mimba, nikaendelea na shughuli zangu. Mimi ni fundi wa viyoyozi. Nafungua kitu, naona kilichoharibika, natengeneza, nafunga. Habari za mauzauza nimezidharau tangu utotoni, na nikisikia mtu anazianza huwa natafuta kofia yangu niondoke. Ila hili lilimpata dada yangu wa tumbo moja, mimi nikiwa nimekaa kiti cha pili, na masikio yangu ni mazima.

Mambo yenyewe yalianza vizuri tu. Niliitwa kituo cha redio kurekebisha kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji katika chumba cha chini, maktaba ya kanda za zamani. Mtunzaji wake alikuwa mama mmoja mnene mwenye maneno mengi, ambaye kituo kizima kilimwita Bi Kanda. Alinisimamia mpaka nikatoka jasho.

"Tone moja likiziangukia kanda zangu, fundi, nitakuanika wewe juani badala yake."

Nikamuuliza kama kanda za "Mwite kwa Wimbo" bado zipo. Akacheka, akanionyesha ukuta mzima.

Kipindi hicho kimekuwepo tangu kabla sijazaliwa, na bado kipo. Mgeni, awe kinyozi, awe mwalimu, huja na nyimbo azipendazo na kueleza kila mmoja ulimkuta wapi maishani. Mwishoni mtangazaji humwambia, "Haya, mwite." Mgeni humwita mtu mmoja ampendaye, kisha redio hunyamaza kidogo ili aliyeitwa aitike huko aliko. Ndipo wimbo wa mwisho hupigwa. Watu wazima na akili zao wameitikia redio majikoni kwao, wakachekwa na watoto.

Mama yetu, fundi cherehani, aliwahi kuwa mgeni. Alirekodiwa akiwa na mimba yangu. Kipindi kilipokuja kurushwa, mimi nilikuwa nimeshazaliwa na yeye alikuwa ameshazikwa. Dada alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Bibi alijua Mama angemwita nani. Alichomoa betri za redio, akazifunga kwenye pindo la nguo yake, akamtuma Dada dukani.

"Maiti haitikiwi," alisema, na hakutaka kuulizwa zaidi.

Dada alikua na jambo hilo kifuani. "Mama aliniita, nami sikuitika": hayo ndiyo yalikuwa maneno yake kila alipobanwa na huzuni. Sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza, shemeji yangu yuko safarini na lori lake, na kitu kimoja kilikuwa kinamnyima usingizi. Alikuwa ameisahau sauti ya Mama.

"Nitambembeleza mwanangu kwa sauti gani?" aliniuliza. "Kati yetu wawili, mimi ndiye pekee niliyewahi kuisikia, na imenitoka."

Mimi sikuwahi kuisikia kabisa. Sikumwambia kwamba hilo lilinichoma zaidi yake.

Basi nikambembeleza Bi Kanda, akakubali. Kila Dada alipotoka zamu yake ya asubuhi hospitalini, nilimshika mkono tukashuka zile ngazi. Kazi ilikuwa ngumu kuliko tulivyodhani. Gundi ya lebo ilikuwa imekauka, lebo zimedondoka, kanda zimerudishwa kwenye maboksi yasiyo yake. Ilibidi kila moja iwekwe kwenye mashine na isikilizwe mwanzo wake. Tulisikia wapishi, mahakimu, mchimba visima mmoja aliyelia kwa wimbo wa harusi yake. Mimi sikutulia. Nilisimama, nikakaa, nikakigusa kiyoyozi ambacho kilikuwa kimeshapona.

Katika kanda kadhaa nilisikia kitu cha ajabu: mtu ananong'ona neno, kisha analisema. Nilikisogeza kiti nyuma. Bi Kanda akanicheka.

"Fundi mzima unaogopa utepe? Utepe huu umekaa umejikunja miaka yote hii, safu juu ya safu. Sauti ya safu moja inavuja hadi ya pili. Ndiyo maana neno linasikika kwa mbali kabla halijasemwa. Hakuna jini hapo."

Nikaridhika. Maelezo ya kifundi hunituliza haraka.

Tuliipata mchana mmoja wa jua kali, ndani ya boksi la mtu mwingine. Mwanamke akacheka kwenye spika, akasema yeye hushona vizuri akiimba, na asipoimba mikono ya mashati humtoka mirefu. Dada akashika tumbo kwa mikono miwili.

"Ndiye," alisema. "Ndiye huyo! Sikia anavyocheka!"

Nilisikia. Nililia bila aibu, mwanamume na bisibisi mfukoni. Hata Bi Kanda alijifuta kwa mtandio. Mama alisimulia nyimbo zake zote, akataja na mimba yake, akasema huyu wa tumboni anapiga mateke kila ngoma ikianza. Huyo ni mimi. Kisha mtangazaji akasema, "Haya, mwite."

Kwanza ukaja mvujo. Kwa mbali sana: *Kifaranga*. Hilo ndilo jina Mama alilompa Dada.

Kisha, bado kwa mbali, sauti nyingine: *Abee, Mama.*

Bi Kanda akageuka. "Nani huyo?"

Hatukupata muda wa kumjibu. Mama aliita kwa sauti kamili, nyororo, yenye haraka kidogo, ya mzazi aliyeko chumba cha pili.

"Kifaranga!"

Na Dada, aliyelelewa akaleleka, ambaye hata akiitwa na mpita njia hawezi kukaa kimya, akaitika.

"Abee, Mama."

Kimya. Utepe ulizunguka. Tukasubiri wimbo.

"Mbona umechelewa hivyo?" Mama akasema. "Haya. Mlete nimwone."

Ndipo wimbo ukaanza.

Bi Kanda aliuzima haraka mpaka kidole kikagonga mashine. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Dada peke yake ndiye aliyekuwa anatabasamu, machozi yakimtiririka. Bi Kanda akarudisha utepe nyuma, akaupiga tena. Mama akaita. Kwenye ule unyamavu, ndani ya kanda iliyorekodiwa kabla sijazaliwa, sauti ya dada yangu mtu mzima ikajibu, "Abee, Mama." Kisha wimbo. Yale maneno mengine ya Mama hayakuwepo.

"Mashine hii hairekodi," Bi Kanda alinong'ona. "Waliing'oa kichwa cha kurekodia zamani. Ni ya kusikilizia tu."

Nyumbani kwa Dada hakukukalika tena. Nilihamia kwake ili nimwangalie. Alikuwa anakata vitunguu, ghafla anainua kichwa: "Abee!" Anaweka kisu, anakwenda chumbani. Hakuna mtu. Anarudi. "Abee!" Anakwenda uani. Akiwa anaoga. Akiwa anakula. Mwanzoni alienda akitabasamu. Baadaye akaenda ameshika ukuta. Mwishowe hakuwa anakaa kabisa. Alizunguka nyumba mchana kutwa, mlango hadi mlango, mkono juu ya tumbo. Nami nilizunguka nyuma yake.

"Anasemaje?" nilimuuliza.

"Hilo hilo. Nimlete."

"Kumleta wapi?"

Alilifunika tumbo kwa kanga, na ndipo nilipoogopa kweli.

Asubuhi iliyofuata aliniamsha akiwa ameshavaa. "Twende wakaifute ile kanda," alisema. "Nampenda mama yangu. Lakini huyu simpi."

Bi Kanda alikataa, kisha akakubali, kisha akakataa. Kanda ni za kituo, kazi yake ndiyo hiyo, akiulizwa atasema nini? Dada hakumbembeleza. Aliinua kichwa tu, akatazama mlango uliofungwa, akaitika. Bi Kanda akatoa kabatini sumaku ya kufutia kanda.

Aliizungusha juu ya kanda, polepole, kama apigaye pasi. Akaiweka kwenye mashine. Kulikuwa na mvumo tu, mwanzo hadi mwisho. Cheko la Mama lilikuwa limekwenda, na mateke yangu pamoja nalo. Nilimgeukia Dada nimuulize kama amepata nafuu.

Alifungua mdomo. Haikutoka sauti.

Akajaribu tena. Midomo ilitamka, koo lilipanda na kushuka. Hakuna. Ndipo mimi na Bi Kanda tulipotazamana, kwa sababu sote wawili tulikumbuka kwamba kwenye ile kanda haikuwemo sauti ya Mama peke yake.

Madaktari walimpima. Koo zima, mapafu mazima. Alijifungua salama, mtoto wa kike, na mkunga aliniambia hajawahi kumwona mwanamke akizaa kimya namna ile. Lakini kuitwa kulikoma. Dada alitulia, akanenepa, akawa anambembeleza binti yake kwa kumpigapiga mgongoni. Nikajiambia tumelipa, basi yamekwisha. Sauti ni kitu kikubwa, lakini si mtoto.

Mtoto sasa anatambaa. Nyumba yetu ni ya watu wachache wa maneno machache: mama yake hasemi, baba yake yuko safarini, na mimi nikiitwa huitika "naam". Redio tuliitoa siku nyingi.

Juzi mchana nilikuwa nakarabati feni sebuleni, Dada anakunja nguo, mtoto anachezea vibanio sakafuni. Akaviacha. Akageuza shingo kuelekea pembe ya chumba, pale palipo patupu.

"Abee," alisema. Neno lake la kwanza, limenyooka, halina utoto ndani yake.

Nguo zilimdondoka Dada.

Mtoto alisikiliza kidogo. Kisha akacheka, akainua mikono yote miwili, kama anavyofanya akitaka kubebwa.