Koo la Tatu

Jua lilikuwa linatua Bingwa alipogonga geti la mjane wa Mzee Tupa, mfuko wa spana begani, njiti ya kiberiti mdomoni. Alikuja kufungua kipande kimoja tu cha gari. Kazi ya nusu saa.

Jina la Bingwa alijipa mwenyewe. Watu walimwachia, maana mikono kweli alikuwa nayo. Adabu ndiyo iliyompita kando. Ufundi alifundishwa na Mzee Tupa, aliyeitwa hivyo kwa kupenda kupiga chuma tupa mpaka king'ae. Bingwa alikula kwake, akalala kwake, na siku alipojua kushika moto wa gesi akafungua karakana mtaa wa pili na kuanza kumtangaza mwalimu wake vibaya kwa kila mteja.

"Yule mzee kachoka. Gari lake mwenyewe linachechemea miaka kumi na minane. Lako ataliwezea wapi?"

Na kweli lilichechemea. Lilikuwa gari la kizamani, la taa za duara, na lilipita mtaani likitetema, silinda tatu zinafanya kazi, moja imelala. Bingwa alikuwa akitoka nje makusudi kulicheka. Mzee alimpungia mkono, akapita zake.

Sasa Mzee alikuwa amekufa, miezi mitatu. Gari, lililokuwa bado uani kwa mjane, lilirithiwa na mkwewe, mume wa binti yake wa pekee, naye alitaka litembee kama magari ya watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mjane hakutoka kizingitini. "Mkwe wangu kaniambia. Umefuata manifodi."

"Ndiyo hiyo tu."

"Koo la tatu usiliguse."

Bingwa alifunua boneti, akafungua nati moja moja, akainua manifodi: bomba zito la chuma cha kusubu, chuma ambacho ukikipiga vibaya hupasuka kama kigae. Juu lilikuwa na mdomo mmoja wa kukalia kabureta. Chini lilikuwa na makoo manne, kila koo la kuilisha silinda yake hewa na petroli. Akamulika kwa tochi.

Koo la tatu lilikuwa limezibwa kwa shaba. Tabaka juu ya tabaka, kama mtu aliyekuwa na haraka.

Bingwa akacheka mpaka njiti ikamdondoka.

"Mama! Kumbe aliliziba mwenyewe? Hata mpika uji asingefanya hivi!"

Mjane alimtazama kama mtu anavyotazama kitu alichokanyaga.

"Alitaka kukwambia sababu. Ulikuwa unacheka. Chukua, uende."

Kesho yake Bingwa alishinda na ile manifodi. Aliibana kwenye jiliwa, akautanua mdomo wa juu upokee kabureta kubwa zaidi, akalainisha kuta za ndani kwa tupa. Alasiri ilipoelekea magharibi aliipasha moto polepole juu ya makaa, kisha akawasha gesi na kuelekeza ndimi za moto kwenye ile shaba.

Harufu ikaanza kutoka. Haikuwa ya masizi wala ya petroli. Ilikuwa ya chumba cha mgonjwa, chumba ambacho hakijafunguliwa dirisha siku nyingi...

Kisha, ndani ya chuma:

"Heh."

Akazima gesi.

"Nani?"

Makaa yalikuwa yanapasuka taratibu. Chuma kikipata moto hulia, alijiambia, hata mwanafunzi anajua. Akawasha tena. Shaba ikalainika, ikatiririka, ikadondoka sakafuni tone kwa tone. Koo likafunguka.

Ule moto ukapinda. Ukavutwa wote ndani ya tundu, kama mtu anayevuta pumzi ndefu.

Ukazimika.

Kitu cha baridi kikampita shavuni. Na nyuma ya bega lake, karibu kabisa:

"Heh... heh... heh."

Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani. Kicheko cha mtu aliyetazama kazi yako akaona haistahili hata maneno. Bingwa aligeuka. Hapakuwa na mtu. Kilichomtisha zaidi ni kwamba kicheko kile alikijua, ila hakukumbuka alikisikia wapi.

Manifodi aliirudisha garini, akaifunga. Gari likanguruma kwa silinda zote nne, laini kama hariri, na mkwe akamkumbatia mbele za watu. Bingwa alijaribu kutabasamu.

"Heh," kikasema kile kitu.

Tangu siku hiyo hakupata raha. Akikaza nati, kinacheka. Akipima, kinacheka. Mikono ikaanza kumtetemeka. Akaua nyuzi za bolti, akapasua kifuniko cha injini ya mteja wa miaka mingi. Watu wakaanza kumpita kama wanavyopita duka lililofungwa. Siku ya tisa, jioni, alirudi kwa mjane, safari hii hana njiti mdomoni.

"Mama, mle ndani mlikuwa na nini?"

"Sijui. Hata yeye hakujua." Alizungumza kwa sauti ya chini, bila huruma. "Fundi mwenzake alimwonea wivu, akamtumia hicho kitu kwa uchawi. Kila akishika kazi, kinamcheka. Akawa hali wala halali usingizi. Mwisho akakitega. Aliweka mezani manifodi hiyo, kazi mbovu ya makusudi. Kikaingia ndani kuichungulia, kiicheke vizuri. Akakiwahi na shaba."

"Na akakubali kuchekwa na mtaa mzima miaka yote hiyo!"

"Kicheko cha watu alikivumilia. Hicho kingine hakivumiliki." Akasimama. "Nawe ulicheka kuliko wote, mwanangu. Alikuwa akirudi ananiambia, leo kijana wangu kanicheka tena. Halafu anakula, analala usingizi wake."

Bingwa alimwomba mkwe ile manifodi mpaka akapiga magoti. Mkwe alimcheka, akamwona kachanganyikiwa, lakini akampa. Siku hiyo Bingwa alifanya kazi mbovu kuliko zote maishani mwake. Ile manifodi aliitoboa matundu ya bolti kombo. Alipiga tupa upogo. Machozi yalimtoka, maana mikono yenyewe ilikuwa inaona haya. Akaiweka mezani, moto wa gesi tayari mkononi, akangoja.

Kivuli cha jioni kikafika kwenye meza.

Mle ndani, kwa mwangwi, kama mtu aliyeinama kisimani...

"Heh."

Akalimwagia koo la tatu shaba. Tabaka juu ya tabaka, mpaka fimbo ya shaba ikaisha.

Kimya.

Akashika spana, akakaza nati. Kimya. Akapiga tupa kidogo. Kimya. Mikono ilikuwa imetulia. Akatoka mbio hadi kwa mjane kabla giza halijakolea, akagonga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Mama! Nimekifunga! Nimekifunga, mama!"

Nyayo zikaja mpaka nyuma ya mlango, zikasimama. Hazikufungua.

"Umekuja na nani?" mjane akanong'ona.

"Peke yangu."

"Na huyo anayecheka ni nani?"

Bingwa akatega sikio. Mtaa ulikuwa mtupu. Hakusikia chochote, hata panzi.

"Mama, mbona hakuna anayecheka?"

Ndani, komeo la pili likasukumwa. Kisha la tatu.

Bingwa aliinua mkono ajifute jasho, na vidole vikagusa meno. Mdomo wake ulikuwa wazi, umetanuka mpaka mashavu yanauma, kifua kinaruka kwa kicheko asichokisikia, na meno yote yalikuwa yamekauka kwa upepo.