Maneno Aliyoyafuta Meya

Saa nne kasorobo asubuhi, fundi wa kompyuta aliketi mbele ya mashine iliyowekwa pembeni mwa chumba cha habari. Alibofya mara moja, akabofya tena, kisha akaondoa mikono kwenye kibodi kana kwamba imemuunguza.

"Haipo," alisema.

"Haipo nini?" aliuliza Inspekta, mama wa makamo aliyesimama nyuma yake.

"Rekodi ya jana jioni, Afande. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja. Imefutwa."

Mwandishi wa habari za manispaa, binti mwembamba aliyekuwa amesimama kando ya dirisha, alijikuta ameketi bila kuambiwa. Mashine ile ndiyo iliyokuwa shahidi wake pekee. Kazi yake ilikuwa kuutazama ukurasa wa Meya mtandaoni mchana na usiku na kurekodi kila kilichowekwa, kwa kuwa Meya alikuwa na mazoea ya kuandika, kufuta, kisha kuuliza ni nani aliyesema. Kila chapisho jipya lilipoingia, mashine ililia kengele.

Jana yake mtandao ulikatika mji mzima. Gazeti lilikuwa na laini yake ya setilaiti. Meya alikuwa safarini, mahali penye mtandao. Mwandishi alisikia kengele, akasoma, akaandika habari. Asubuhi ukurasa wa kwanza ulibeba maneno ya Meya kwa herufi nene: "Nimeambiwa wauza maji wa bondeni wanatia sumu kwenye mapipa yao." Kufikia saa mbili umati ulikuwa umepindua mikokoteni ya maji, na muuza maji mmoja alikuwa hospitalini, mguu umevunjwa. Saa tatu Meya alisema redioni kwamba hajawahi kuandika neno hilo, gazeti limeghushi. Ukurasa wake, mtu akiufungua sasa, haukuwa na kitu.

Amri aliyopewa Inspekta ilikuwa fupi: saa kumi jioni mwandishi awe kituoni kwa kosa la kughushi, isipokuwa ushahidi useme vingine.

"Usilie, mwanangu," mhariri mkuu alimwambia mwandishi, akimwekea mkono begani. Alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake tumbo moja, na ndiye aliyemwingiza kazini. "Wakili nitamtafuta mimi." Kisha akamgeukia Inspekta. "Afande, tafuta humu ndani anayekula na Meya. Huyo ndiye aliyefuta."

Nje, wauza maji walikuwa wamekusanyika getini. Kila baada ya muda jiwe liligonga bati la paa, na watu wote chumbani wakainua vichwa kwa pamoja.

Inspekta alianza na mwandishi.

"Uliliona chapisho kwa macho yako?"

"Kwa haya mawili, Mama. Nikampigia katibu wa Meya, hakupokea. Nikamkabidhi Mjomba habari, nikaenda bondeni kuwauliza wauza maji wenyewe wanasemaje. Niliporudi gazeti lilikuwa limeshakwenda mitamboni."

"Ulichoambiwa bondeni kimechapwa?"

"Hapana. Mjomba alisema nimechelewa."

Fundi alihojiwa ngazini, kwa sababu simu za chumba cha habari hazikukoma kulia.

"Shemeji yako ni dereva wa Meya," alisema Inspekta.

"Ni kweli, na hata lifti hajawahi kunipa." Fundi alijaribu kucheka, kicheko kikakwama. "Afande, neno la siri la ile mashine tunalo watatu: mimi, binti na mhariri. Ningekuwa mimi niliyefuta, ningekuita uje uone pengo?"

"Wezi wengine hupiga yowe la kwanza. Ilifutwa saa ngapi?"

"Mashine inaonyesha saa mbili na robo asubuhi ya leo. Wote watatu tulikuwa tumeshafika kazini."

Inspekta aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo. "Na jana jioni ulikuwa wapi?"

"Palepale, nahangaika na nyaya. Kengele ya kwanza ilipolia, binti alikurupuka kama aliyeitiwa posa. Ya pili ilipolia alikuwa ameshatoka. Mhariri alikuwepo, akaenda kuangalia mwenyewe."

"Ya pili?"

"Kililia mara mbili kile kidudu. Kinanikera, siwezi kukosea."

Meneja wa matangazo, mwanamke mwenye sauti ya kusikika vyumba vitatu, hakungoja aulizwe.

"Najua mnanishuku! Ndiyo, nabembeleza matangazo ya manispaa. Ndiyo kazi yangu. Lakini hiyo mashine siijui hata pa kuiwashia. Kama mnatafuta vituko, niulizeni kuhusu sabuni."

"Sabuni gani?"

"Fungua ukurasa wa kwanza. Hapo chini ya maneno ya Meya. Tangazo hilo lilikuwa la Jumamosi, ukurasa wa ndani kabisa. Leo mteja amenipigia kunishukuru, nami nikaitikia 'karibu tena' kama mjinga. Nani kaliweka mbele?"

"Ukurasa ulipangwa na nani?"

"Mpanga kurasa ni mgonjwa wiki hii. Anapanga bosi mwenyewe."

Inspekta alilikunjua gazeti juu ya meza. Tangazo la sabuni lilikaa chini ya maneno ya Meya, pana sawa nayo. Nafasi ya namna ile, mbele ya gazeti, haitolewi bure. Huzibwa kwa haraka pale kitu kingine kinapong'olewa.

Saa saba na nusu aliteremka mitamboni. Kila ukurasa huchorwa kwanza juu ya bamba jembamba la chuma ndipo uchapwe. Bamba lililokataliwa hutupwa pembeni, lisubiri wanunuzi wa vyuma chakavu. Mpiga chapa alikumbuka kwamba jana alitengeneza mabamba mawili ya ukurasa wa kwanza.

"Hukusoma tofauti yake?"

"Mimi natazama wino umekaa, Afande. Nikianza kusoma, gazeti litatoka kesho kutwa."

Wakalipekua rundo. Bamba walilolitafuta lilikuwa la nne kutoka juu. Inspekta alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena, kisha akalifunga kwa koti lake.

Saa tisa kamili aliwaita wote ofisini kwa mhariri. Kelele za getini zilikuwa zimeongezeka. Mhariri alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Keti, Mzee," alisema Inspekta. "Uliniambia nimtafute anayemlinda Meya. Lakini rekodi ilifutwa saa mbili na robo. Meya alikana saa tatu. Saa mbili na robo hakuna aliyejua kwamba Meya atahitaji kulindwa. Kilichojulikana saa hiyo ni kimoja tu."

"Kipi?" aliuliza fundi.

"Kwamba mtu amevunjwa mguu. Aliyefuta aliuogopa mguu ule. Nami nikajiuliza: rekodi inayoonyesha kwamba mlichapa kweli tupu, inaweza kumtisha nani humu? Labda kweli yenyewe haikuwa nzima."

Akalifunua bamba. Juu yalikuwepo maneno yote waliyoyajua. Chini yake, mahali pa sabuni, palikuwa na chapisho la pili la Meya: "Nimeulizia. Maji yamepimwa, ni salama. Habari ya sumu ni uongo. Wauza maji wasiguswe."

Mwandishi alisogea, akagusa herufi kwa kidole, moja baada ya nyingine.

"Uliyapanga yote mawili," Inspekta aliendelea, "halafu ukang'oa la pili."

Mhariri alivua miwani. Alipozungumza, alimtazama mpwa wake peke yake.

"Kila akijisahihisha, tukichapa, wasomaji hutuambia tunamfulia nguo Meya. Miaka yote hii tunaitwa dobi wake. Jana nikasema basi, safari hii avae uchafu wake mwenyewe. Sikudhani mtu ataguswa."

"Yeye si msafi," alisema Inspekta. "Alitangaza uvumi kabla ya kuulizia, akafuta yote kwa aibu, leo amedanganya redioni. Hilo nitalifikisha linakostahili. Lakini muuza maji alihitaji ile sentensi ya pili, na mji wote usio na mtandao ulikuwa na gazeti lako tu."

"Nilipofuta, sikujua kwamba atakana," mhariri alimwambia mpwa wake. "Wallahi, mwanangu. Niliuona ule mguu tu."

"Saa tatu ulijua," alisema mwandishi. Sauti yake haikupanda. "Saa nne nikakaa pale nikitetemeka, ukaniwekea mkono begani. Mama yangu angeuza kiwanja kunitoa jela, Mjomba, nawe ungemsindikiza kwa mnunuzi."

Mhariri alirudisha miwani machoni.

Inspekta alitazama saa: tisa na dakika ishirini. Akampigia mkuu wake, akamweleza kwa sentensi tatu, akasikiliza, akakata simu. "Binti yuko huru. Mzee, tutakwenda pamoja. Geti la nyuma."

"Nipe muda kidogo naye, Mama," aliomba mwandishi.

Alivuta kiti, akaketi mbele ya mjomba wake, akaweka simu ya kurekodia katikati ya meza. Jiwe jingine likagonga bati. Safari hii hakuinua kichwa.

"Utaniandika?" aliuliza mhariri.

"Ukurasa wa kwanza. Meya, gazeti na wewe."

"Mimi ni mjomba wako."

"Hilo nalo nitaliandika, watu wajue nani anayewasimulia. Nimeshaongea na hospitali. Muuza maji ndiye atakayeanza kunukuliwa. Wewe utafuata." Akaibonyeza simu, taa yake nyekundu ikawaka. "Sema taratibu, Mjomba. Kama kuna neno la kukutetea, liseme lote. Nitaliweka chini ya kosa lako, palepale, kwa herufi zilezile."